Kutengeneza mhusika wa 3D wa gemu ya simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanafuata kazi moja kuanzia mchoro hadi simu: mama wa mwambao aliyevaa doti ya kanga, moja kiunoni na nyingine kichwani hadi mabegani, anayetembea, kukimbia, kuinama na kubeba ndoo kichwani. Programu ya kuundia ni Blender na injini ya gemu ni Godot, zote za bure. Kwa injini nyingine kama Unity au Unreal Engine hatua hazibadiliki sana. Penye tofauti tumeitaja.

Nianze na nini kabla ya kufungua Blender?

Anza na kamera ya gemu. Jiulize mhusika ataonekana mkubwa kiasi gani kwenye kioo cha simu. Kama kamera inamfuata kwa nyuma na yeye anachukua theluthi moja ya kimo cha kioo chenye pikseli 1080, basi mwili wake wote wa mita 1.65 una pikseli 360 tu. Kope hazitaonekana. Kitakachoonekana ni umbo la jumla: mkunjo wa kanga kiunoni, kichwa na ndoo, jinsi mkono ulivyoinuka. Kama gemu ina mazungumzo ya ana kwa ana, mambo hugeuka, na bajeti kubwa inakwenda usoni.

Pili, andika orodha ya vitendo vyote atakavyofanya. Huyu wetu anabeba ndoo kichwani na kuishika kwa mkono mmoja, kwa hiyo bega litainuka hadi juu kabisa. Hilo ukiligundua baada ya mifupa kuwekwa, utarudia bega zima.

Tatu, chora picha mbili, ya mbele na ya ubavu, zenye kimo kimoja: macho, kidevu, kiuno na magoti viwe kwenye mistari ileile katika picha zote mbili. Picha ikipishana hata sentimita tatu, utahangaika na pua ambayo haikubali kukaa mahali pake.

Kompyuta yangu ni ya kawaida. Itafaa?

RAM ya GB 8 inatosha kwa mhusika wa simu, na GB 16 inakupa nafasi ya kuchonga kwa undani zaidi. Kipanya cha vitufe vitatu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kuzungusha kamera kunategemea kitufe cha kati. Kwa wanaokatikiwa umeme: Blender hujihifadhia nakala ya akiba kila baada ya dakika 2 kwenye folda ya muda, lakini usiitegemee hiyo. Hifadhi kwa jina jipya kila hatua inapokamilika, mama_01, mama_02 na kuendelea, ili uweze kurudi nyuma siku tatu baadaye.

Mhusika awe na poligoni ngapi?

Poligoni ni vipande bapa vinavyounda umbo la mhusika. Hesabu pembetatu, si poligoni za pembe nne. Injini hugawa kila pembe nne kuwa pembetatu mbili, hivyo anayesema "nina 5,000" huenda ana 10,000. Kwa mhusika mkuu wa gemu ya simu, kati ya 8,000 na 15,000 ni kiwango kizuri. Wapita njia wanaojaa sokoni wabaki kwenye 1,500 hadi 3,000 kila mmoja. Kwa kompyuta unaweza kufika makumi ya maelfu bila shida.

Bajeti ya mama wetu ni pembetatu 9,000: kichwa 2,500, viganja viwili 1,200, mikono, miguu na kiwiliwili 2,300, kanga mbili 2,400, ndoo na herini 600. Sehemu ya mwili iliyofunikwa na kanga ifute kabisa. Utaokoa pembetatu, na utaondoa lile tatizo la paja kutokeza nje ya nguo anapokimbia.

Idadi ya pembetatu si mzigo pekee. Kila materiali ya ziada, yaani mpangilio wa rangi na mng'ao wa sehemu fulani, huiongezea simu agizo jingine la kuchora. Mhusika wa pembetatu 9,000 mwenye materiali moja mara nyingi ni mwepesi kuliko wa 5,000 mwenye materiali sita.

Nichonge kwanza kama udongo, au niunde moja kwa moja?

Mwili na uso wa mtindo rahisi, unda moja kwa moja: nusu moja tu, na modifaya ya kioo (Mirror), inayonakili upande mmoja kama kwenye kioo cha kujitazamia, ikamilishe nusu ya pili. Mikunjo ya nguo, chonga. Mkunjo wa kanga kiunoni hauigiki vizuri kwa kuvuta nukta mojamoja. Chonga nakala nzito, kisha hamishia undani wake kwenye modeli nyepesi kwa kubeki, yaani kuurekodi kwenye picha. Ukichonga mwili mzima, itabidi uuchoree upya meshi safi (wavu wa nukta na mistari unaounda umbo) juu yake. Vifaa vya kufanya hivyo kiotomatiki vinafaa kwa mawe na magogo. Kwa mtu havifai, maana havijui kiwiko kiko wapi.

Mistari ya meshi ipite wapi?

Hili ndilo linaloamua kama mhusika atasogea kama mtu au kama mfuko wa plastiki.

Kiwiko na goti vinahitaji duara tatu za mistari, si moja. Ukiweka moja, kiungo kikikunjwa kinabonyea kama mrija wa soda. Duara ya kati ikae juu ya kiungo chenyewe, nyingine mbili pande zake. Upande wa nje wa kiwiko zitawanye, upande wa ndani zisogeze karibu, kwa sababu nje ngozi hutanuka na ndani hujikunja. Kila kiungo cha kidole kipate duara mbili angalau.

Usoni, mistari izunguke macho na mdomo kama mawimbi ya jiwe lililotupwa majini, halafu mawimbi hayo yakutane shavuni. Hapo shavuni patatokea nukta yenye mistari mitano. Haina ubaya pale, ila usiiruhusu ikae kwenye kona ya mdomo wala kwenye kwapa.

Bega ndilo gumu kuliko yote. Muunde mhusika mikono ikiwa imeteremka nyuzi 45 hivi, si iliyonyooka kama msalaba. Mkono wa kushika ndoo unapanda na wa kutembea unashuka. Ukianzia katikati, kila upande unavutika nusu tu. Pitisha duara nzima ya mistari kutoka kwapani, juu ya bega, hadi mgongoni, na nyingine sambamba nayo kifuani. Pembetatu moja moja zinaruhusiwa sehemu zisizokunjika: utosini, unyayoni, ndani ya ndoo.

Ninaifunguaje UV ya kanga bila pindo kupinda?

UV ni ramani inayoulaza uso wa modeli bapa ili uweze kuvikwa picha. Usianze na nguo iliyokwisha kujikunja. Anza na kanga halisi: bapa la mita 1.5 kwa 1.1, ligawe vipande 32 kwa 18. Hizo ni pembe nne 576, yaani pembetatu 1,152, na kanga mbili zinakuwa 2,304, ndani ya bajeti. Fungua UV yake ikiwa bado bapa, mstatili ulionyooka kabisa. Baada ya hapo ndipo uizungushe kiunoni. UV haibadiliki ukisogeza nukta, kwa hiyo pindo linabaki limenyooka na mji unabaki katikati hata nguo ikizunguka mwili mara moja na nusu.

Mwili na uso hufunguliwa kwa mishono kama ya fundi cherehani: nyuma ya kichwa chini ya kanga, ndani ya mkono, ndani ya mguu, kuzunguka kifundo cha mkono. Weka tekscha (picha inayovikwa modeli) ya miraba ya drafti kisha tazama: miraba ikiwa mikubwa mahali pamoja na midogo pengine, rekebisha kabla ya kupaka rangi. Uso unaweza kupewa eneo mara mbili ya haki yake, nyayo nusu.

Watu wengi huokoa nafasi kwa kulaza UV ya mkono wa kushoto juu ya ya kulia. Kwa mikono na viatu ni sawa. Kwa kanga ni kosa, kwa sababu jina litasomeka kinyumenyume upande mmoja, na kila msomaji wa Kiswahili ataliona.

Na jina lenyewe lisomeke. Kwenye mfano wetu mhusika ana pikseli 218 za kioo kwa kila mita ya mwili wake. Herufi za sentimita 4 zinapata pikseli 9, vumbi tupu. Zikuze hadi sentimita 8 zipate 17. Kanga ya kwenye gemu haina budi kuwa na herufi kubwa kuliko ya dukani.

Kwa nini ngozi nyeusi inageuka doa tupu au inakuwa kijivu?

Sababu huwa tatu, na karibu kila mara zinakuja pamoja.

Ya kwanza ni rangi ya msingi iliyozama mno. Hata ngozi nyeusi kabisa haishuki karibu na sifuri. Ukiwa kwenye mizani ya 0 hadi 255, usiache namba zote tatu za rangi kuwa chini ya 30. Pia ibaki na joto lake: nyekundu iwe juu ya kijani, kijani juu ya bluu. Ukiipunguza kwa kuchanganya na nyeusi tupu, joto linatoweka na unapata kijivu cha jivu.

Ya pili ni mng'ao. Umbo la uso mweusi huonekana zaidi kwa mwanga unaoakisiwa juu ya ngozi kuliko kwa rangi yenyewe. Thamani moja ya ukwaru, yaani kipimo cha kutong'aa, kwa uso mzima inaufanya uso bapa. Weka takriban 0.55 kwa jumla, shusha hadi 0.4 kwenye paji la uso, ncha ya pua, mashavu ya juu na mdomo wa chini. Kipimo cha metali kibaki 0 daima.

Ya tatu ni taa, na hapa modeli haina kosa. Mandhari yenye taa moja ya jua bila mwanga wa anga haina kitu cha kuakisiwa upande wa kivuli. Washa mwanga wa mazingira kutoka picha ya anga, na ongeza taa hafifu ya nyuma inayochora ukingo wa shavu na bega.

Viganja na nyayo ni hafifu zaidi kuliko ngozi nyingine. Viwiko, magoti na viungo vya vidole vimekolea zaidi. Haya ni mambo ya dakika kumi, lakini bila hayo mhusika anaonekana amepakwa rangi ya ukuta. Usipake vivuli vikali kwenye rangi ya msingi. Taa za gemu zitaongeza vyao na utapata vivuli viwili vinavyopingana.

Nabekije ramani ya nomali, na kwa nini inatoka na madoa?

Ramani ya nomali ni picha inayoufanya mwanga uione mikunjo ya modeli nzito juu ya ile nyepesi. Kwenye Blender tumia injini ya Cycles. Kwenye materiali ya modeli nyepesi ongeza nodi ya picha, unda picha ya 2048, weka rangi zake kuwa "Non-Color", na hakikisha nodi hiyo imechaguliwa. Chagua modeli nzito kwanza, kisha nyepesi, washa "Selected to Active", weka mtanuko (Extrusion) wa mita 0.02 na pambizo (Margin) la pikseli 16, halafu beki.

Madoa kwapani au kati ya vidole: miale imegonga sehemu jirani. Punguza mtanuko, au tenganisha vidole kwa muda na kubeki kipande kimojakimoja. Mistari myembamba kwenye mishono: pambizo dogo. Michirizi kwenye kingo kali: kila ukingo uliouwekea ukali lazima uwe pia mshono wa UV. Mikunjo inayoonekana imezama badala ya kutokeza, hasa ukihamia Unreal Engine: hapo chaneli ya kijani imegeuzwa. Blender, Godot na Unity hutumia mfumo wa OpenGL, Unreal hutumia wa DirectX. Geuza kijani tu, usibeki upya.

Tekscha iwe na ukubwa gani?

1024 inatosha kwa wapita njia, 2048 kwa mhusika mkuu. Usidanganywe na ukubwa wa faili: PNG ya MB 3 yenye pikseli 2048 kwa 2048 hufunguka kuwa MB 16 kwenye kumbukumbu, na nakala zake ndogo za mbali huongeza theluthi, karibu MB 21. Ramani tatu, yaani rangi, nomali, na ile ya kivuli, ukwaru na metali kwa pamoja, ni MB 64 kwa mtu mmoja. Ukichagua mgandamizo wa ASTC (njia ya kubana picha kwa simu) wa 6×6, kila ramani inashuka hadi karibu MB 2.4. Kwenye Godot chagua "VRAM Compressed" unapoingiza picha, na uwashe ETC2/ASTC kwenye mipangilio ya mradi.

Mifupa mingapi, na niipangeje?

Mama wetu ana 45. Mzizi, nyonga, mgongo mitatu, shingo na kichwa ni 7. Kila mkono mtulinga, mkono wa juu, wa chini na kiganja: 8 kwa pande zote. Kila mguu paja, muundi, wayo na vidole: 8. Kila kiganja kidole gumba 2, shahada 2, na vidole vitatu vilivyobaki vinashirikiana 2: jumla 12. Kanga ya kiunoni ina minyororo minne ya mifupa 2, na ncha ya kanga ya kichwani ina 2.

Majina yaishie .L na .R, ndipo Blender iweze kunakili upande mmoja kwenda mwingine. Goti na kiwiko vipinde kidogo hata katika mkao wa kawaida. Vikinyooka kabisa, mfumo wa kuvuta mguu kutoka wayo haujui goti liende mbele au nyuma.

Kabla ya kufunga mifupa, bonyeza Ctrl+A na uthibitishe mzunguko na kipimo (Rotation & Scale). Kipimo kisomeke 1 kote. Hatua hii ikirukwa, makosa yake hujitokeza mwishoni kabisa, ndani ya injini.

Nimefunga mifupa, ngozi inavutika ovyo. Nifanyeje?

Kama Blender imelalamika kwamba imeshindwa kupata uzito wa mifupa (kiasi ambacho kila mfupa unaivuta nukta), tatizo liko kwenye meshi: nukta zilizolaliana au vipande vilivyojificha ndani. Chagua zote, bonyeza M, kisha "Merge by Distance". Panga nomali, yaani uelekeo wa nyuso za meshi, kwa Shift+N. Ikikataa bado, kuza meshi na mifupa mara kumi, funga, kisha rudisha kipimo.

Uzito wa kiotomatiki ni rasimu tu. Tengeneza animesheni ya majaribio yenye mikao mikali: mikono juu, kuchuchumaa, kuinama, kichwa kushoto na kulia. Paka uzito ukiwa kwenye mikao hiyo, si mhusika akiwa amesimama wima, maana akisimama kila kitu huonekana kizuri. Kwapa likizama, punguza uzito wa mkono wa juu kifuani na uupe mtulinga. Mkono wa chini ukijisokota kama karatasi ya peremende kiganja kinapogeuka, ongeza mfupa mmoja wa kusokota katikati yake. Macho, meno na ndoo vipewe uzito 1 wa mfupa mmoja.

Mwishoni, punguza kila nukta ibaki na mifupa 4 tu, kisha sawazisha jumla iwe 1. Ukiacha tano au sita, za ziada zinaweza kukatwa wakati wa kutoa faili, na nukta zitaruka gemu inapoanza.

Kanga isogee kwa fizikia ya nguo au kwa mifupa?

Kwa simu, mifupa. Nakili uzito wa mapaja kwenda kwenye kanga kwanza, ili nguo ifuate miguu, kisha changanya na ile minyororo minne. Sehemu ya mbele katikati ya magoti igawane uzito wa mapaja yote mawili nusu kwa nusu. Bila hivyo nguo inapasuka kati kila hatua. Kuanzia toleo la 4.4, Godot ina nodi ya SpringBoneSimulator3D inayoifanya mifupa hiyo itikisike yenyewe. Na ukumbuke kwamba aliyejifunga kanga hapigi hatua ndefu. Animesheni ya kukimbia iliyorekodiwa kwa mtu aliyevaa suruali itamtoboa nguo, haidhuru umepaka uzito kwa ustadi gani.

Animesheni ya kutembea: kwa nini miguu inateleza?

Kwa sababu kasi ya injini hailingani na hatua. Hatua mbili za mita 0.6 ndani ya sekunde moja ni mita 1.2 kwa sekunde. Weka hiyo kwenye msimbo. Katika fremu 30 kwa sekunde, mzunguko uwe fremu ya 1 hadi 30, na fremu ya 31 ifanane na ya 1 lakini isichezwe, la sivyo utaona kikwazo kidogo kila mzunguko.

Akiwa na ndoo, kichwa na shingo vitulie karibu kabisa. Mpando na mshuko wa mwili umalizikie kwenye magoti na nyonga. Nyonga ziyumbe zaidi, mkono usioshika ndoo upepee kidogo. Ukinakili mwendo wa kawaida na kubandika ndoo juu, maji yangemwagika kwa hatua ya pili, na mchezaji anahisi hivyo hata asipojua kwa nini.

Ninatoaje faili, na kwa nini inaingia imelala au kubwa mno?

Kwa Godot toa glTF katika faili moja ya .glb, mhimili wa juu na mita vinarekebishwa vyenyewe. Kwa Unity na Unreal wengi hutumia FBX. Unity huhesabu kwa mita, Unreal kwa sentimita, ndiyo maana mama wa mita 1.65 hutokea ukubwa wa kidole au wa mnazi. Akilala chali, mzunguko wa nyuzi 90 haukuthibitishwa kabla ya kutoa.

Sehemu za mwili zikionekana matundu, nomali zimeangalia ndani: washa mwonekano wa uelekeo wa nyuso, panapong'aa nyekundu pageuze. Animesheni zikipotea, hazikuwa zimekingwa: bonyeza alama ya ngao kwenye kila moja, kwa sababu Blender hufuta isiyotumika faili inapofungwa. Zenye kujirudia zipe jina linaloishia -loop, Godot itazirudia yenyewe.

Naweza kuuza gemu niliyoitengeneza hivi?

Ndiyo. Leseni ya GPL inahusu programu ya Blender yenyewe, si modeli unazounda nayo. Animesheni za Mixamo, huduma ya Adobe, zinaruhusiwa ndani ya gemu ya biashara bila malipo; usichoruhusiwa ni kuziuza au kuzigawa zikiwa faili tupu. Miundo ya kanga za madukani ni kazi ya wachoraji na viwanda, kwa hiyo usipige picha ya kanga na kuibandika. Chora pindo lako, mji wako, na utunge jina lako mwenyewe.